Kabla ya Kuchagua Mlima wa Theluji, Uliza Pesa Yako Itarudi Vipi

Bonasi ya chai ikishalipwa, kuanzia Oktoba hivi, sisi tunaoangalia jinsi pesa inavyotembea kwenye simu tunajua mapema kitakachofuata huku Kisii na Nyamira. Kwanza ni karo na madeni ya duka. Halafu mabati, ng'ombe wa mahari, mchango wa mazishi. Mwisho kabisa, kwa vyama vilivyojipanga, ni safari ya Desemba. Zamani safari hiyo ilikuwa Mombasa, ama Kisumu kula samaki, ama Maasai Mara kwa basi la kukodi. Siku hizi tunasikia jambo jipya: watu wanataka kwenda kwenye theluji, na wengine wanataka hata kujaribu skii.

Hatushangai. Marani ni vigumu kukosa boma lenye mtu ng'ambo, na Wakisii wengi wa Marekani wako Minnesota, mahali ambapo theluji si hadithi. Shangazi anatuma video kwenye WhatsApp: amesimama nje ya nyumba, theluji imemfika magotini, watoto wanateleza kwa kipande cha plastiki huku wakicheka. Anayeitazama ameketi kando ya shamba la ndizi na anajiambia, hata mimi siku moja. Hapo ndipo tangazo linapoingia.

Mwaka jana chama kimoja cha huku Marani, watu 12, wengi walimu na kina mama wa soko, kililetewa bango kwenye WhatsApp. Siku 7 Uswisi: ndege, viza, hoteli na mwalimu wa skii, shilingi 85,000 kwa kila mtu. Weka 5,000 leo ushike nafasi, ofa inaisha saa sita usiku. Mweka hazina alikusanya 60,000 na kuzituma kwa mara moja kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Jina lililotokea kwenye simu yake halikufanana na jina la kampuni kwenye bango. Aliliona. Akauliza. Akajibiwa, "Huyo ni mhasibu wetu, mama, usijali." Akabonyeza.

Jioni hiyo namba ilizimwa. Asubuhi mama alikuwa kwa wakala wetu kabla duka halijafunguliwa.

"Kijana, hebu niangalilie hii pesa imefika wapi."

"Mama, ilishatolewa jana. Dakika kumi na tano tu baada ya wewe kutuma."

Mama hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja: "Sasa nitawaambia nini wale wengine?" Aliamua kuwalipa wenzake shilingi 55,000 kutoka kwa biashara yake ya ndizi, 1,500 kila wiki. Piga hesabu: ni zaidi ya wiki 36. Tunapoandika haya, bado analipa.

Tumefikiria sana kisa hicho, kwa sababu na sisi tuna sehemu yetu. Simu ilionyesha jina, ndiyo. Lakini kumwonyesha mtu jina bila kumfundisha afanye nini jina lisipofanana ni nusu ya kazi. Makala haya ni ile nusu nyingine.

Maoni yetu tunayaweka hapa mwanzoni ili usiyatafute mwishoni: mkichagua nchi ya kwenda kuona theluji, msianze na picha ya mlima. Anzeni na swali hili: safari ikiharibika, pesa yetu itarudi vipi? Nchi ya kwanza ya kuchagua ni ile ambayo pesa yako inaweza kwenda na pia inaweza kurudi.

Ndoto yenyewe haina kosa

Baada ya kisa hicho, wengine walimcheka mama yule. Eti mtu wa Marani na skii wapi na wapi. Hapo hatukubaliani nao hata kidogo.

Mkenya alishafanya skii mbele ya dunia nzima. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa Bonde la Ufa, akapelekwa Finland kujifunza, na mwaka 1998 akashiriki Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Katika mbio za kilomita 10 alifika wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kuondoka mpaka Boit amalize, akamkumbatia pale kwenye utepe. Boit alikuja kumpa mwanawe jina hilo la Dæhlie. Miaka 20 baadaye, mwaka 2018, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, alishindania Kenya huko Pyeongchang katika skii ya kuteremka milima.

Hata Kilimanjaro kuna skii katika historia yake. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda mpaka juu na wakashuka sehemu ya njia kwa skii. Barafu mojawapo ya kileleni inaitwa Furtwängler mpaka leo.

Kwa hivyo usione haya kutaka theluji. Lakini angalia vizuri: Boit alijifunzia Finland, Simader akajifunzia Austria. Kenya hakuna mlima wenye lifti ya skii, wala Tanzania, wala Uganda. Ndiyo maana chama lazima kijiulize kwanza: tunataka kugusa theluji, ama tunataka kuvaa skii na kuteleza? Hizo ni safari mbili tofauti, na bei zake hazikaribiani. Wengi tukiwauliza hivyo wananyamaza kidogo, halafu wanasema ukweli: "Sisi tunataka kuigusa tu na kupiga picha."

Kama ni hivyo, safari imeshakuwa rahisi.

Milima mitatu ya hapa nyumbani

Afrika Mashariki ina milima mitatu yenye barafu juu. Kilimanjaro ya Tanzania ina mita 5,895. Mlima Kenya una mita 5,199 kwenye kilele cha Batian. Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ina mita 5,109 pale Margherita. Barafu hizo zote zinapungua. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba za Kilimanjaro na Mlima Kenya huenda zikaisha kabla ya 2050. Maana yake ni kwamba mtoto anayezaliwa leo katika hospitali ya Marani anaweza kufika umri wetu bila kuikuta. Hiyo peke yake ni sababu ya kwenda mapema, na kuanza na ya karibu.

Mlima Kenya ndio chaguo letu la kwanza kwa chama kinachoanza. Kutoka Marani mnashuka Kisii, mnapita Nakuru na Nyahururu, mnatokea Nanyuki ama Naro Moru. Hakuna pasipoti wala viza. Batian ni ya wapandaji wa kamba, lakini Lenana, mita 4,985, inapandwa na watu wa kawaida wenye mazoezi na mwongozaji mzuri. Sheria za KWS haziruhusu kupanda peke yako. Huko juu asubuhi unaweza kukuta theluji, ama barafu iliyoganda kwenye mawe. Kuna siku utaikuta nyingi na kuna siku utaikuta kidogo. Anayekuahidi theluji ya uhakika anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Sasa tuangalie pesa yenyewe. Ada ya kuingia mbugani inalipwa kwa njia ya eCitizen, moja kwa moja kwa serikali, na risiti inakuja kwenye simu yako. KWS hawapokei pesa taslimu getini. Kwa hivyo mtu akikwambia, "Nitumie mimi pesa ya geti, nitawalipia," mjibu kwa upole kwamba mtajilipia. Mwongozaji na wapagazi mnaweza kuwalipa kwa namba ya till, kwa shilingi, bila kubadilisha chochote. Na mambo yakiharibika, aliyechukua pesa yenu yuko Kenya. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Meseji za malipo ni ushahidi. Hebu tuambie, kwa mlima wa Uswisi utapata hilo wapi?

Kilimanjaro ni chaguo la pili. Njia ya kawaida kwa mtu wa kwetu ni Nairobi, Namanga, Arusha, Moshi, ingawa kuna njia ya Rongai inayoanzia upande wa mpaka wa Kenya karibu na Loitokitok. Hapa lazima uwe na pasipoti, kwa sababu Tanzania haimo katika ule mpango wa 2014 unaowaruhusu Wakenya, Waganda na Wanyarwanda kuvuka kwa kitambulisho tu. Cheti cha homa ya manjano pia mtaulizwa. Pesa ya simu kutoka Kenya inaweza kutumwa Tanzania, na kwenye mlima wenyewe intaneti ilifikishwa kituo cha Horombo mwaka 2022, mita 3,720, kwa hivyo hata kutuma nyumbani ukiwa njiani inawezekana.

Jihadhari na jambo moja. Matangazo mengi ya Kilimanjaro yameandikwa kwa dola kwa sababu yanamlenga mgeni kutoka mbali. Raia wa Afrika Mashariki ana ada yake ya mbuga, tena ni ya chini sana. Ukilipa kwa bei ya dola bila kuuliza, tofauti hiyo inabaki kwa wakala wa safari. Omba mchanganuo: ada ya mbuga ni ngapi, mwongozaji ngapi, chakula ngapi. Asiyetaka kuchanganua, achana naye.

Rwenzori tunaiweka ya tatu, si kwa sababu ya pesa. Kuvuka Busia kwa kitambulisho ni rahisi, na kutoka Kampala mnaenda mpaka Kasese. Shida ni mlima wenyewe. Kuna matope na mvua nyingi, ni safari ya wiki nzima, na kufika Margherita kunahitaji vyuma vya viatu na kamba kwa ajili ya barafu. Chama ambacho mazoezi yake makubwa ni kupanda Manga kisingoje kujifunzia pale.

Na tukitaja Manga, tusilidharau. Wiki nane za kupanda na kushuka Manga kila Jumamosi, mkiwa na mizigo mgongoni, zitawaonyesha nani ana magoti na nani ana maneno tu. Hiyo haihitaji kutuma hata shilingi.

Skii ya kweli iko Afrika hii hii

Kama chama chenu kimekaa, kikafikiri, na bado kinasema, "Sisi tunataka kuteleza," basi kabla ya Ulaya tazameni Lesotho. Katika milima ya Maluti kuna kituo kinachoitwa Afriski. Kilele chake kina mita 3,222. Kuna lifti, kuna walimu wa kufundisha wanaoanza, na kuna mashine za kutengeneza theluji pale ya mbinguni isipotosha. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, kwa sababu huko kusini baridi yao inakuja wakati huo. Kwa walimu hilo ni zuri, likizo ya Agosti inaingia palepale. Lakini anayengoja bonasi ya Oktoba ndiyo aende Desemba atakuta nyasi.

Mnafika kwa ndege mpaka Johannesburg, halafu barabara. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini kwa ziara za hadi siku 90 kwa mwaka. Masharti ya Lesotho yenyewe yaulizeni kwa ubalozi kabla ya kulipa tiketi, si baada. Pesa ya huko inaitwa loti, ina thamani sawa na randi, na randi inatumika Lesotho bila shida. Kwa hivyo mnahitaji kubeba aina moja tu ya pesa.

Morocco nayo ina Oukaïmeden, juu ya Marrakech, skii ya Afrika wakati wa Desemba na Januari. Tunaitaja ili mjue ipo. Kwa chama cha Marani safari yake ya ndege ni ndefu, na bei yake inaanza kukaribia ya Ulaya.

Ulaya: hesabu kabla ya picha

Uswisi, Austria na Ufaransa ndizo nchi za skii zenyewe. Hatusemi msiende. Tunasema mjue ni pesa gani huko hairudi.

Viza ya Schengen inagharimu yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Ukikataliwa, hairudi. Lazima uwe na bima ya safari inayofikia angalau yuro 30,000. Ombi linapelekwa mapema zaidi miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Mtataka kuonyesha akaunti yenye pesa, barua ya kazi, na tiketi iliyoshikwa. Watu 12 wakiomba pamoja, wanne wakikataliwa, safari ya chama imekufa lakini malipo ya hoteli na ada za viza zimekwenda.

Sasa rudi kwenye lile bango la shilingi 85,000 ukumbuke lilivyoahidi ndege, viza, hoteli na mwalimu wa skii, vyote, kwa siku 7. Uliza tu bei ya tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi Ulaya mwezi wa Desemba, halafu utajua mwenye bango hakuwa na nia ya kukupeleka hata Kisumu. Na hakuna mtu anayeweza kukuuzia viza. Viza inatolewa na ubalozi, wewe mwenyewe ukitoa alama za vidole.

Wale wa Minnesota pia wana jambo la kutuambia, na tumelisikia kutoka kwa wateja wengi: theluji ukiishi nayo ni kazi. Unaamka alfajiri kuifukua mlangoni kabla ya kwenda zamu. Hawatumi video za siku hizo.

Pesa ikivuka mpaka inakonda

Hapa tuongee kama watu wa pesa. Chukua shilingi 100,000 za chama, na tuseme kwa mfano kila mahali mnapobadilisha pesa mnapoteza asilimia 4 kati ya bei ya soko na bei ya dukani. Mkibadilisha shilingi kuwa dola, mnabaki na thamani ya 96,000. Dola kuwa randi, mnabaki na 92,160. Bado hamjapanda hata matatu.

Sasa safari ifutwe. Wenye kituo ni waaminifu, wanawarudishia kila kitu. Randi inakuwa dola, dola inakuwa shilingi, asilimia 4 mara mbili tena. Mkononi mnapata karibu 84,935. Shilingi 15,000 na zaidi zimekwenda, hakuna aliyewaibia, na theluji hamjaiona. Chama kilichochagua Mlima Kenya na safari ikafutwa kinarudishiwa shilingi zilezile, kikitoa ada ndogo ya kutuma.

Tuseme pia jambo ambalo kampuni huwa hazipendi kusema. Pesa ikivuka mpaka, sisi tunapata ada kubwa kuliko ikibaki hapa. Kwa hivyo tukikwambia anza na Mlima Kenya, hatuongei kwa faida yetu ya leo. Mteja aliyepoteza 60,000 huogopa simu yake kwa mwaka mzima. Huyo tumempoteza sisi pia.

Maswali matano kabla ya kubonyeza

Haya yaandikeni kwenye daftari la chama.

1. Jina linafanana? Kampuni ya safari inapokea kwa till ama paybill yenye jina la kampuni. Jina la mtu binafsi likitokea, usikubali hadithi ya mhasibu, ya mke wa mkurugenzi, wala ya mtambo kuharibika. Ghairi muamala. Kampuni ya kweli itakutumia namba sahihi, hata kama ni kesho.

2. Ana leseni? Kenya, makampuni ya kutembeza watalii yanapewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA. Uliza namba ya leseni na uwapigie TRA wenyewe, si namba aliyokupa yeye.

3. Masharti ya kurudisha pesa yameandikwa wapi? Si kwa mdomo. Yaseme siku ngapi kabla ya safari mtarudishiwa ngapi, na nini kinatokea mtu mmoja akiugua mlimani. Hili la mwisho ni muhimu. Kichwa kikiuma sana, ukitapika, ukiyumba, dawa ya kwanza ni kushuka, hata kama umebakiza saa moja kufika. Watu wamewahi kung'ang'ania kupanda kwa sababu "pesa imeshalipwa." Masharti mazuri yanamruhusu mtu kushuka na msaidizi bila kulipishwa tena. Hakuna kilele chenye thamani ya uhai wa mwanachama.

4. Malipo ya kwanza ni kiasi gani? Ushauri wetu ni yasipite theluthi moja, na mengine mlipe mkifika. Anayetaka yote leo kabla ya saa sita usiku anaogopa mpate muda wa kufikiri.

5. Nani anabonyeza? Mtu mmoja asibebe pesa ya watu 12 kwenye laini yake. Fungueni akaunti ya chama ambayo malipo hayatoki mpaka watu watatu waidhinishe. Mama yule angekuwa na wenzake wawili wa kutazama jina lile, mmoja angesema, "Ngoja kwanza."

Kwa malipo ya nje ya nchi tunaongeza moja: tumia kadi, hata ile ya mtandaoni inayounganishwa na pochi ya simu, badala ya kutuma kwa namba ya mtu. Malipo ya kadi unaweza kuyapinga huduma isipotolewa, mradi upeleke malalamiko ndani ya muda. Pesa iliyotumwa kwa namba, ikishatolewa kwa wakala, hatuwezi kuirudisha. Ikiwa bado iko kwenye pochi ya aliyepokea tunaweza kuizuia, kwa hivyo ukigundua kosa, piga simu dakika hiyohiyo. Usingoje asubuhi kwa sababu ya aibu.

Msimamo wetu, kwa ufupi

Mwaka wa kwanza, Mlima Kenya. Mtajuana nani anaweza baridi, nani anaweza kilima, na nani anaaminika na pesa. Mwaka wa pili, Kilimanjaro kwa wanaopenda kupanda, ama Lesotho kwa wanaotaka skii. Ulaya iwe ya chama ambacho kimeshasafiri pamoja na kurudi bila ugomvi wa hesabu.

Wengine watasema tunawarudisha watu nyuma, kwamba mtu wa Marani ana haki ya kwenda Uswisi kama mtu wa Nairobi. Haki anayo, na nafasi yetu ni kumpeleka. Lakini mtu wa Nairobi akipoteza 5,000 ni ya wikendi. Mama wa ndizi akipoteza 55,000 ni wiki 36 za soko.

Chama kile hakikuvunjika. Wanachama walikaa, wengine wakali, wengine wapole, na mwishowe wakamwachia mama yule kazi yake ya mweka hazina. Sasa wanachangishana shilingi 500 kila mtu kila wiki. Wiki 30 zikiisha watakuwa na 180,000, yaani 15,000 kwa kila mmoja, na ndipo wataanza kuuliza bei za Naro Moru. Akaunti ni ya chama, na inahitaji watu watatu. Jumamosi wanapanda Manga.

Kama chama chenu nacho kinapanga, pitieni kwa wakala wetu wa Marani mkiwa watatu, kila mmoja na kitambulisho chake, na mwambieni mnataka akaunti ya chama. Na mkipata bango lenye bei tamu, mleteeni alione kabla ya kutuma. Hatozi kitu kwa kuangalia.